Konsoli haibridi zimeua gemu za mkononi au ndo zimezipa maisha mapya?

kipanga_mza

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Naombeni mawazo yenu maana hii ishu imenikaa kichwani muda sasa. Mimi ni mtoto wa PSP, kile kimashine cha gemu cha Sony unakitia mfukoni unapanda nacho daladala, na gemu zake zilitengenezwa kwa ajili ya kile kile, ukiwa na dakika kumi unacheza mechi yako moja unazima. Leo nikiangalia sokoni sioni tena kitu cha aina ile kutoka kwa kampuni kubwa. Sony waliacha kutengeneza PS Vita, mrithi wa PSP, mwaka 2019, Nintendo nao wakasimamisha 3DS yao ya mkononi mwaka 2020, na tangu hapo karibu kila kinachotoka ni haibridi, unakichomeka kwenye TV kinakuwa konsoli ya sebuleni, unakichomoa unaondoka nacho. Ilianza Switch ya Nintendo 2017, ikaja Steam Deck ya Valve 2022, halafu ROG Ally ya Asus na Legion Go ya Lenovo 2023, Switch 2 ikatoka Juni 2025, na Oktoba mwaka huo huo hata Xbox wakaingia na ROG Xbox Ally kupitia Asus.

Sasa maswali yangu ni haya. Hivi huu ndo mwelekeo wa kudumu au ni upepo tu utapita? Na kwa mtu wa huku kwetu, hizi mashine zina faida ya kweli au tunanunua jina? Kazi yangu ni ya kuzunguka mikoa ya kanda ya ziwa, usiku mwingi nalala gesti, umeme unaweza kukatika saa mbili usiku ukarudi alfajiri, intaneti yangu ni bando la simu. Wikiendi nikiwa nyumbani washkaji wanakuja tunapiga mpira kwenye TV. Kwa hiyo kwenye karatasi haibridi ni kitu changu kabisa, ila bei imenifanya nisite, Switch 2 ilitoka kwa dola 450 huko inakouzwa rasmi, hapo tayari imevuka milioni moja ya kwetu kabla hujaongeza usafiri na faida ya muuzaji.

Anayezijua aje tuongee, hasa aliyeitumia kwenye mazingira kama yangu.

fundi_padi

Mkuu kipanga karibu. Mimi nafungua hizi mashine kila siku kariakoo hapa, PS, Xbox, Switch, sikuhizi na Steam Deck zinaletwa, so acha nikueleze kwa upande wa vyuma.

Kwanza watu wengi wanadhani lile doki la Switch, kile kikalio cha kuichomekea kwenye TV, ndo lina nguvu, yani ukichomeka kuna kitu kule ndani kinaipa gemu nguvu. Hamna. Ukilifungua doki la Switch ya kwanza unakutana na kibao kidogo tu cha saketi cha kupitisha picha kwenda HDMI, kupitisha umeme na matundu ya USB, basi, lingine lote ni plastiki. La Switch 2 wameongeza feni ya kupooza ila nalo halichakati chochote. Kinachobadilika ni kwamba chipu ileile ikipata umeme wa ukutani inaruhusiwa kukimbia zaidi, ukiichomoa inajibana ili betri idumu. Ndo maana Switch ya kwanza kwenye TV inaweza kufika picha kali ya 1080p ila mkononi skrini yake ni 720p. Kwa hiyo ukinunua haibridi unanunua mashine ya mkononi yenye ruhusa ya kukimbia ikiwa nyumbani, hii ielewe vizuri kabla hujatoa hela.

Sasa tuje kwenye betri, maana hapa ndo wengi wanalia baadae. Switch ya kwanza ina betri ya mAh 4310, hiyo ni kama wati-saa 16, yani wati moja kwa saa 16. Steam Deck ya LCD ina wati-saa 40, ile ya OLED 50, ROG Ally X wameweka 80. Mtu akiona 80 anaruka anasema hii ndo yenyewe inakaa siku nzima, lakini angalia na inakula kiasi gani. Steam Deck ukiiwekea gemu zito ukaacha kila kitu juu, mashine nzima inaweza kunywa wati kama 25, gawanya 40 kwa 25 unapata saa moja na nusu hivi na hapo imeisha. Switch inakunywa kidogo sana ndo maana betri ndogo vile inafika mbali. Ukija kwenye pawabenki hesabu ni ileile, ya mAh 20,000 kwenye lebo ni kama wati-saa 74 ila kinachoingia kweli kwenye mashine baada ya kupotea njiani tuseme hamsini na kitu. Hiyo inakujazia Switch mara tatu. Steam Deck inaijaza mara moja na chenji kidogo. Na lazima iwe pawabenki ya Type-C yenye PD, ile ya kutoa chaji kubwa, maana Steam Deck chaja yake ni ya wati 45, ukiichomekea vile vipawabenki vya wati 10 huku unacheza chaji itaendelea kushuka tu taratibu utadhani pawabenki ni mbovu.

Kwa mtu wa gesti zenye umeme wa kubahatisha mimi nakwambia hesabu wati-saa kabla hujahesabu grafiksi.

Tena kitu kimoja kuhusu umeme kukatika ambacho watu hawakisemi. Mwenye PS5 umeme ukikata katikati ya gemu ndo basi, imeondoka na alichokuwa hajasevu, na ukizima ukirudi kwa kishindo mimi ndo naletewa mashine. Mwenye haibridi anaichomoa kwenye doki anaendelea pale pale alipofika. Sasa chukua PlayStation Portal, ile ya Novemba 2023, watu wanaiona ina skrini ya inchi 8 na ilitoka kwa dola 200 wanadhani ni PSP mpya. Ile inapokea picha kutoka kwenye PS5 yako kwa Wi-Fi, umeme ukikatika PS5 imekufa na ruta imekufa, wewe umebaki umeshika Portal yenye chaji kamili haina cha kuonyesha. Siku hizi wameiongezea kuchezea gemu za mtandaoni bila PS5 yako kuwaka ila huko nako inakula intaneti mfululizo, kwa bando la simu sahau.

chalii_wa_ngarenaro

mi naona mnajisumbua tu, simu ya kawaida sikuhizi inapiga PUBG inapiga eFootball inapiga Call of Duty, bure, na ipo mfukoni tayari. kilichoua PSP ni simu sio haibridi. mtu aliyekuwa anacheza dakika kumi kwenye daladala amehamia kwenye simu zamani sana, hizo zenu ni za kukaa chini kabisa, hazingii mfukoni hata kidogo, Legion Go ina skrini inchi 8.8 hiyo si tableti

BintiMvita

Chalii hapo umegusa penyewe, ila mimi nitaongezea kwani jambo hili lina historia yake na nimelifuatilia kwa mapenzi ya miaka mingi.

Kaka kipanga, wazo la kucheza gemu za TV mkononi si geni hata kidogo. Sega walitoa Nomad mwaka 1995, ilikuwa yachukua kaseti zilezile za konsoli yao ya nyumbani na ukitaka waichomeka kwenye TV, lakini yala betri sita za tochi na haikai saa tatu. PSP yenyewe kuanzia ile ya 2007 ilikuwa na waya wa kuitoa kwenye TV. Nintendo nao mwaka 2012 wakaleta Wii U yenye padi ya skrini, ukitoka nayo chumba cha pili mbali na mashine picha yakatika. Yote haya yalikuwa nusu ya safari. Kilichokosekana ni chipu ya kuendesha gemu kubwa kwa umeme mdogo, na chipu hizo zilikuja kupatikana kwa sababu ya simu na tableti, ile Tegra X1 ya NVIDIA iliyomo ndani ya Switch ni ya ukoo huo huo. Kwa hiyo simu ambazo chalii asema ziliua PSP ndizo pia zilizoleta teknolojia ya kuzaa Switch.

Lakini mimi nikiulizwa haibridi zimebadilisha nini hasa, sitataja skrini wala doki. Nitataja watengenezaji. Zamani Nintendo walikuwa na milango miwili, timu za kutengeneza gemu za mkononi na timu za kutengeneza za TV, na kila upande una mashine yake. Miaka ile ya 3DS na Wii U ilionekana wazi, 3DS iliuza milioni 75.94 kwa sababu ilikuwa na gemu tele, Wii U iliuza milioni 13.56 tu, wenye Wii U walikuwa wakikaa miezi wasubiri gemu moja. Marehemu Satoru Iwata akiwa rais wa kampuni alianza kwa kuziunganisha timu za kuunda mashine zenyewe, za mkononi na za nyumbani, mwaka 2013, na akatangaza mashine mpya Machi 2015, miezi michache kabla hajafariki Julai mwaka huo huo. Ilipotoka Switch tarehe 3 Machi 2017 wengi ndani ya kampuni walikuwa wakitengenezea mashine moja. Matokeo yake Switch imevuka milioni 150. Jumlisha 3DS na Wii U zote mbili hazifiki milioni 90. Hapo ndipo ilipo siri, si kwenye doki.

Na kwa mchezaji hili lina uzito sana. Kabla ya hapo mwenye mashine ya mkononi alikuwa akipewa toleo dogo, jina lile lile lakini ndani ni gemu nyingine iliyopunguzwa, wajua wenyewe FIFA za PSP zilivyokuwa, na hata kwenye Switch yenyewe FIFA 20 mpaka 23 zilikuwa ni gemu la zamani lililobadilishwa jezi na majina. FC 24, ndilo jina jipya la FIFA, ndiyo ikaja na injini ile wanayotumia kwenye mashine kubwa. Na upande wa pili vilevile, Pokémon zile kuu ambazo tangu 1996 zilikuwa ni za mkononi tu, kwenye Switch ndipo mtu alipoweza kuzichezea kwenye TV ya sebuleni bila hila yoyote. Ukuta kati ya gemu la mkononi na gemu la nyumbani umeanguka, na sioni nani atakayeujenga tena, kwani kampuni gani itakubali kulipa watu mara mbili kwa gemu moja?

Nilichokipoteza mimi, nasema kwa uchungu kabisa, ni yale magemu madogo yaliyofikiriwa kwa skrini ndogo tangu mwanzo. DS na 3DS zilikuwa na vitu vya ajabu, skrini mbili, kalamu, gemu ambalo walishika wima kama kitabu. Haya hayana pa kwenda kwenye mashine inayotakiwa kuonyesha picha ile ile kwenye TV. Duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa Machi 2023 na mengi yamebaki humo humo, hukununua mapema basi huyapati kihalali tena.

Na sasa hivi ukitaka mashine ya mfukoni kweli kweli, ni zile za Wachina, Anbernic na wenzake, za kuchezea gemu za zamani. Ndogo, bei nafuu, betri yakaa. Huko ndiko PSP ilikokwenda kuishi.

kipanga_mza

Dada BintiMvita asante sana, hii ya timu kuunganishwa sikuwahi kuisikia na imenijibu swali la kwanza lote, kumbe sababu ni ya kibiashara na sio fasheni. Fundi nawe ubarikiwe, hesabu ya wati-saa nimeielewa, nitaifanyia kazi.

Sasa niwaulize, kuna jamaa ananiuzia Steam Deck OLED kwa bei ambayo kwakweli inavutia kuliko Switch 2, na gemu za Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, mara nyingi zina punguzo kubwa. Mimi gemu yangu namba moja ni FC, washkaji wakija ndo hiyo hiyo. Je Steam Deck itanifaa?

otieno_lainiux

Sasa kipanga, hapo kwa FC simama kwanza usitume pesa.

Steam Deck haitumii Windows, iko na SteamOS ambayo ni Linux, halafu kuna kitu inaitwa Proton ndiyo hutafsiri gemu za Windows zifanye kazi hapo juu. Na inafanya kazi vizuri sana, hiyo ndiyo kazi kubwa Valve wamefanyia hii mambo ya haibridi kuliko hata mashine yenyewe, maelfu ya gemu ambazo hakuna mtu alifikiria Linux wakati anazitengeneza sasa zinaingia na zinacheza. Shida ni zile gemu za mtandaoni ziko na programu ya kuzuia wezi, yaani wachezaji wanaodanganya, hizo programu zinataka kuingia ndani kabisa ya Windows, na mwenye gemu asiporuhusu Linux hakuna kitu Proton inaweza fanya. EA FC iko kwa hilo kundi. Fortnite pia, Valorant pia. Na kwa FC si ati utanyimwa mechi za mtandaoni pekee, gemu yenyewe haifunguki, hata ile ya wewe na rafiki yako mmekaa kochi moja.

Kuna watu wanaweka Windows kwa Steam Deck ndiyo wacheze FC, inawezekana, lakini hapo unapoteza zile raha zake, ile kubonyeza kitufe inalala, unabonyeza tena inaamka ukiwa katikati ya gemu kwa sekunde chache. Kwa mtu wa kusafiri kama wewe hicho kitufe ndicho kitu, unacheza robo saa ukingoja gari ijae, unalaza, jioni unaendelea. Windows haijaizoea hiyo. Microsoft wenyewe waliliona ndiyo kwa ROG Xbox Ally wakatoa hali ya skrini nzima isiyofungua dawati lote la Windows, ni hatua nzuri na FC hapo utacheza, lakini ile Ally X ilitoka na bei ya dola 1000, ile ndogo 600.

Kwa hivyo kama ni FC kwa nafasi ya kwanza, kati ya hizi zote Switch 2 ndiyo iko na FC 26 yake rasmi. Kama ungekuwa mtu wa gemu za hadithi za mchezaji mmoja ningekuambia chukua Deck bila kufikiria mara mbili, kwa sababu maktaba yako ya Steam inabaki yako, ukinunua kompyuta kesho iko huko, ukinunua mashine ya kampuni ingine keshokutwa pia iko huko. Konsoli nyingi hazikupi hiyo, na kwangu hiyo ndiyo inaonyesha hizi vitu zinaelekea wapi, gemu inanunuliwa mara moja halafu mashine unabadilisha vile pesa inaruhusu. Legion Go S tayari inauzwa na SteamOS na si Valve wameitengeneza.

muscat_wa_pemba

Assalaam alaykum. Nimeona mwataja Switch 2 nikaona niseme haya mawili matatu kabla ndugu yetu hajaagiza, kwani huku Ghuba ndiko nyingi zinakopita kuja huko nyumbani, na mimi jamaa zangu wa Pemba na Dar wananiagiza kila wakati.

La mwanzo, kuna Switch 2 ya Japani iliyotoka kwa yen 49,980, ilikuwa rahisi kuliko zote. Mtu akiiona bei ile na huku ana jamaa yake anayeleta magari kutoka Japani anamwambia niwekee na moja. Ile ina lugha ya Kijapani tu, huwezi kubadilisha, na inataka akaunti iliyosajiliwa nchi ya Japani, ile yako ya Marekani haiingii. Wajapani wametengeneza kwa ajili ya watu wao, si kosa lao, lakini ikifika Kariakoo au Darajani mnunuzi haambiwi. Muulize muuzaji aiwashe mbele yako uone orodha ya lugha.

La pili ni kadi. Hapa nitasema kwa kirefu kidogo kwani kwa watu wa bando hili ni zito kuliko chipu. Kwenye Switch ya kwanza raha yake ilikuwa unanunua kadi, unaichomeka, unacheza hapo hapo, na ukimaliza unaiuza au mnabadilishana na mwenzio. Haikuwa na mambo ya nchi, kadi ya Uingereza ikicheza, ya Marekani ikicheza. Switch 2 bado ina kadi za namna hiyo, gemu la Cyberpunk 2077 kwa mfano limo lote ndani ya kadi ya GB 64, na hili lilikuwa gemu lililozishinda nguvu mashine kubwa lilipotoka 2020, leo mtu analicheza kwenye basi. Lakini wametia na aina nyingine wanayoiita Game-Key Card. Kwa umbo ni kadi ile ile, umelipa bei ile ile, ndani hamna gemu, mna ufunguo tu. Ukiichomeka inakwambia pakua, nawe unapakua GB makumi kwa bando lako, na hata ukishapakua kadi lazima ikae ndani ya mashine ndiyo ucheze. Kampuni nyingi za nje ya Nintendo zimeipenda kwa sababu kadi zenye uwezo mkubwa ni ghali. Kuiuza bado unaweza, ila atakayeinunua naye atapakua upya. Kwenye kasha la gemu huwa imeandikwa mbele upande wa chini na alama ya ufunguo, soma kabla ya kulipa.

Halafu memori. Hizi kadi za kawaida tulizokuwa tunatia kwenye simu na Switch ya zamani hazichezeshi gemu za Switch 2, inataka microSD Express nazo si rahisi. Kwa bahati mashine yenyewe ina GB 256 ndani.

La tatu, wanaouza Switch 2 zilizotumika. Nintendo wamekuwa wakizifungia mtandao mashine zilizotumiwa na kadi za gemu za kunakili, na kifungo kile kinakaa kwenye mashine, akaunti mpya haikifuti. Ukinunua iliyofungiwa huwezi kuingia dukani mwao, huwezi kupakua zile gemu za ufunguo, umebaki na kadi kamili tu. Kabla ya kulipa iunganishe na intaneti ya simu yako ufungue eShop, yaani duka lao la mtandaoni, mbele ya muuzaji, akikataa basi ondoka.

chalii_wa_ngarenaro

duh hii ya kadi yenye ufunguo mtupu imeniuma, kumbe ndo maana kuna jamaa hapa mtaani alinunua gemu akawa anaomba hotspot kwa kila mtu. sasa si bora nibaki na simu tu

BintiMvita

Chalii simu baki nayo kwa yale yake, hakuna ubaya. Lakini jaribu siku moja kukaa na mwenzio, uchomoe zile padi mbili za Switch umpe moja, uisimamishe mashine mezani mcheze wawili bila TV, bila intaneti, bila kujisajili popote. Ile kitu simu haijawahi kunipa. Mimi nacheza hivyo na wapwa zangu kwenye feri na barazani, mdogo ana miaka sita na ashanishinda mbio za magari mbele za watu. Nintendo wameuza mashine hii na padi mbili ndani ya kasha tangu siku ya kwanza, na kwa nyumba zetu zenye watoto wengi na TV moja ambayo baba ataka taarifa ya habari, hilo ni jambo kubwa kuliko 4K.

Na kuhusu kadi nakubaliana na ndugu wa Muscat kwa kila herufi. Mashine ya kubeba inayohitaji intaneti ndiyo uanze kucheza imepewa miguu ikafungwa kamba. Natamani sana wachezaji wa Afrika tuseme hili kwa sauti, kwa sababu huko wanakoamua mambo wana intaneti ya waya nyumbani na hawalioni.

kipanga_mza

Aisee mmenisaidia mno. Kwa hiyo Steam Deck nimeiacha, maana bila FC nyumbani hapakaliki. Sasa nimebaki na njia mbili, nijibane ninunue Switch 2 mpya kutoka Muscat kwa msaada wa ndugu yetu hapo, au nichukue Switch ya zamani iliyotumika nicheze FC ya huko mwaka mzima huku zile za Game-Key Card zikijulikana zimefikia wapi. Fundi, kama ni ya zamani nichukue ipi na niikague vipi?

fundi_padi

Mkuu hiyo njia ya pili kwa mazingira yako naiunga mkono, na kadi utakazonunua hutapoteza maana nyingi sana za Switch ya kwanza zinacheza kwenye Switch 2, siku ukihama unahama nazo.

Usichukue Lite. Ni nzuri, ndogo, inaingia kwenye begi, ila haiendi kwenye TV kabisa na padi hazichomoki, washkaji wako watakaa wanakuangalia. Ukipata OLED ya 2021 kwa bei nzuri chukua, skrini inchi 7 na imesimama vizuri mezani ina stendi pana. Ukikosa chukua ya kawaida lakini geuza nyuma usome namba ya modeli, maandishi madogo chini kabisa, tumia tochi ya simu. Ikiandikwa HAC-001 peke yake hiyo ni ya 2017, betri yao ilikuwa saa mbili na nusu mpaka sita na nusu ikiwa mpya, sasa hivi imechoka utapata nusu. Unayotaka ni HAC-001(-01), ya kuanzia 2019, walibadilisha chipu ikawa inakula umeme kidogo, betri ni ileile ila inaenda saa nne na nusu hadi tisa. Wauzaji wengi hawajui tofauti wanaziuza bei moja.

Padi sasa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kontrola, kuna kipimo cha kurekebisha stiki. Bonyeza stiki, usiiguse, angalia ile alama ya katikati. Ikitembea yenyewe hiyo imeshaanza kudrifti. Kinachotokea ndani ni kwamba kuna utepe mweusi wa kaboni unasuguliwa kila ukizungusha stiki, unalika, halafu vumbi la huku na jasho la mikono vinamalizia. Sio sababu ya kuacha mashine nzuri, tumia kama kigezo cha kushusha bei, halafu nikubadilishie nikuwekee zile stiki za sumaku ambazo hazisuguani, ukiweka hizo hutaniona tena kwa tatizo hilo. Switch 2 nayo haikuja na stiki za sumaku, kwa hiyo tutaonana tu na wenye mpya.

Halafu weka kadi ya gemu yoyote ucheze kama robo saa ikiwa mkononi huku mkono umeuweka juu pale inapotolea hewa. Hewa iwe inatoka ya moto. Kama mashine ina joto na hewa haitoki feni imejaa vumbi au imekufa. Kisha ichomeke kwenye doki, doki la kwake sio la kuazima, na chaja yake yenyewe, picha itoke kwenye TV. Wengine wanauza na chaja za simu ambazo mkononi zinachaji fresh ila ukiweka kwenye doki TV inabaki nyeusi, sababu doki linataka umeme wa volti 15 na chaja ile haitoi, unarudishiwa mashine nzima kwa fundi kumbe tatizo ni chaja.

Ukishapata nitumie picha ya hiyo lebo ya nyuma kabla hujalipa, nikuangalizie.